Kiwanja Chanika na akiba kidogo: anza na vyumba

Ndugu yangu, umeuliza kama ukope benki ujenge nyumba nzima ya kupangisha kwenye kiwanja chako cha Chanika, au uanze na vyumba vichache kwa akiba yako. Anza na vyumba. Rejesho la benki linadaiwa kila mwezi hata kama mpangaji hayupo.

Piga hesabu kwa ukali. Tuseme chumba na sebule utapangisha kwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Usiandike 1,200,000 kwa mwaka. Andika miezi kumi tu, maana kuna miezi chumba kitakaa bila mpangaji, kisha utoe ukarabati wa bomba, rangi na kunyonya choo. Kinachobaki ndicho kipato chako. Ulizia kodi kwa wapangaji wa mtaa huo, maana dalali atakutajia bei ya juu.

Ukijenga, kila mpangaji awe na mita yake ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Hapa nasisitiza sana: mita ya kuchangia huzaa ugomvi usioisha, na mpangaji mzuri huwa wa kwanza kuhama. Kumbuka pia tangu 2021 kodi ya jengo ya serikali hukatwa kupitia LUKU mpangaji anaponunua umeme. Anayedaiwa ni wewe mwenye nyumba, kwa hiyo mpunguzie mpangaji kiasi hicho kwenye kodi yake ya pango.

Mkataba uwe wa maandishi, hata kwa binamu yako.

Kibali cha ujenzi je, umeshakipata halmashauri? Hukukitaja, na fundi asianze msingi bila hicho.