Sasisho likikwama kwenye GRUB, usikimbilie kuzima kompyuta

Ukianza kutunza seva za Debian au Ubuntu, siku moja utapandisha mfumo kwenda toleo jipya, vifurushi vitapita vizuri, kisha skrini itasimama kwenye mstari wa "Setting up grub-pc" na kukaa kimya. Mkono utataka kwenda kwenye kitufe cha umeme. Uzuie. Hapo ndipo GRUB, programu inayoamsha mfumo, inapoandikwa upya. Ukikata umeme katikati, kompyuta inaweza isiwake tena.

Swali la kujiuliza ni hili: dpkg, programu inayosakinisha vifurushi, inamsubiri nani? Fungua terminali nyingine (kama seva iko mbali, ingia tena kwa SSH), kisha andika:

ps -eo pid,ppid,stat,cmd --forest

Utaona mti wa michakato, yaani programu zinazoendeshwa. Shuka hadi mchakato wa mwisho kabisa chini ya dpkg. Huyo ndiye mwenye jibu.

Ukikuta whiptail, programu inayoonyesha maswali ndani ya terminali, hakuna kilichoharibika. Kuna swali linakusubiri, pengine limefichwa na dirisha la kusasishia. Fungua sehemu yake ya terminali. Mara nyingi unaulizwa GRUB iwekwe diski gani. Chagua kwa kitufe cha nafasi, nenda kwa Tab, maliza kwa Enter. Chagua diski nzima, kama /dev/sda, si /dev/sda1, na hakikisha ndiyo diski ambayo kompyuta inawakia. Hapa usiharakishe hata kidogo. Mwaka 2020, baada ya masasisho ya usalama ya GRUB, kompyuta nyingi ziligoma kuwaka zikionyesha "symbol grub_calloc not found", kwa sababu GRUB mpya ilikuwa imeandikwa kwenye diski isiyo sahihi.

Ukikuta os-prober, basi inapekua patisheni zote kutafuta mifumo mingine, Windows kwa mfano. Tazama safu ya STAT, inayoonyesha hali ya mchakato. Ikiwa ni D, mchakato unasubiri diski isiyojibu, na hata kill -9, amri ya kuua mchakato kwa nguvu, haitausogeza. Soma dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli (kiini cha mfumo); ukiona "I/O error", chomoa diski ya nje au flashi inayotajwa hapo, ilimradi si ile yenye mfumo wenyewe. Ikiwa si D, ua os-prober peke yake. Usiiguse dpkg. GRUB itaendelea bila orodha ya mifumo mingine.

Kisha, ili isipekue tena, weka GRUB_DISABLE_OS_PROBER=true ndani ya /etc/default/grub. Tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021 upekuzi huo umezimwa tangu mwanzo, ila wenye Windows pembeni huuwasha wenyewe.

Sasisho likikatika njiani, usiwashe upya bado. Endesha sudo dpkg --configure -a, halafu sudo apt -f install, halafu sudo update-grub. Subiri uone "Found linux image" ikitaja kerneli mpya. Hakikisha dpkg --audit haitoi neno lolote, ndipo uwashe upya.