Miezi 14 na hajatembea: kwa mama wa Muscat na wengine mlioniandikia

Juzi usiku nilipata ujumbe wa msomaji, mama wa Kizanzibari anayeishi Muscat. "Dada, mwanangu ana miezi 14, hajapiga hata hatua moja. Wa wifi yangu kule Unguja alitembea na miezi 10. Kila akipiga simu huuliza, bado tu?"

Hilo "bado tu" lilininyima usingizi. Nalijua.

Mume wangu alipopata nafasi ya kusoma Minnesota, Marekani, tulimfuata mimi na binti yetu. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu tulipompeleka kliniki. Nikapewa karatasi ya maswali. Anapanda ngazi akishikwa mkono? Anachora mstari kwa kalamu ya rangi? Anapanga vibao, kimoja juu ya kingine? Nikajibu kweli tupu: hapana, hapana, hapana. Tulikuwa na miezi miwili tu tangu tutoke Tanga. Nyumba yetu haina ngazi, na kalamu hakuwa amewahi kupewa, maana angeitia mdomoni. Hakuna aliyeniuliza kama hukaa mkekani na bibi yake akiokota mawe kwenye sinia la mchele kwa vidole viwili. Hakuna aliyeuliza kama ukimtuma kandambili huzileta zote mbili. Karatasi ikarudi imeandikwa kwamba mtoto amechelewa.

Nililia ndani ya basi nikiwa nimembeba. Nikampigia mama mkwe nikitafuta faraja, akaniambia ni kosa langu, sikumkanda vya kutosha. Miaka imepita, binti yangu sasa anasoma vitabu peke yake, lakini neno lile bado linaniuma.

Baada ya hapo nilisoma kila nilichokipata. Mwaka 1976 mtafiti Charles Super alichapisha utafiti wake wa Kokwet, kijiji cha Wakipsigis nchini Kenya. Watoto wa pale walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, kwa sababu wazazi waliwafundisha hayo kwa makusudi. Kutambaa hakukufundishwa, na huko hawakuwatangulia wenzao. Mtoto huwahi pale anapozoezwa! Ndiyo maana wataalamu wa Kilifi walitengeneza kipimo chao cha watoto wa miezi 6 hadi 35, na Malawi nao wakatengeneza cha kwao. Kipimo kipya cha Shirika la Afya Duniani (WHO) cha watoto walio chini ya miaka mitatu, kilichotoka 2023, kilijaribiwa Pemba pamoja na Bangladesh na Pakistani kabla ya kwingine.

Sasa nirudi kwako, mama wa Muscat. Kati ya 1997 na 2003, WHO walifuatilia watoto wapatao 8,500 katika miji sita: Pelotas kule Brazili, Accra, Delhi, Oslo, Davis kule California, na Muscat, hapo hapo ulipo. Walichagua watoto wanaonyonya, ambao mama zao hawavuti sigara na wanaoishi katika mazingira mazuri. Kimo chao kilikaribiana sana, Oslo kwa Accra. Hatua za mwili zilipimwa katika miji hiyo isipokuwa Pelotas, na kutembea bila kushikwa kulianzia miezi 8.2 hadi 17.6. Wa wifi yako yumo. Wako naye yumo. Asilimia 4.3 hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa, wakatembea vilevile.

Kwa hiyo usimpime mtoto kwa mtoto wa jirani. Narudia: usimpime kwa mtoto wa jirani, wala wa wifi.

Lakini wanaosema "kila mtoto na wakati wake" kisha wakakaa bila kufanya lolote wananikera. Mtoto wa kaka yangu alikuwa hasemi. Tukaambiana ukoo mzima kwamba wa kiume huchelewa, babu yake naye alichelewa. Alipofika miaka minne ndipo alipopimwa masikio, kumbe hasikii vizuri. Miaka minne! Mimi niliyeumizwa na karatasi ya Minnesota nilikuwa miongoni mwa waliosema asubiriwe. Karatasi ile iliuliza vibaya, lakini angalau iliuliza.

Wazazi wenzangu, kadi ya kliniki si ya chanjo na uzito peke yake. Muulize muuguzi mtoto anatakiwa awe anafanya nini, na mweleze anachofanya nyumbani hata kama hakijaandikwa popote. Akifikisha miezi 18 hatembei, mpeleke. Asipogeuka ukimwita nyuma yake, mpeleke. Akiacha neno au jambo alilokwisha kulijua, mpeleke wiki hiyo hiyo, usingoje ruhusa ya mama mkwe.

Wewe umeniambia anasimama akishika kochi na kuzunguka meza nzima. Mvue viatu, msogezee viti viwili viachane kidogo, mwache ajaribu. Kabla ya kufika ile 17.6, miezi mitatu na nusu bado ipo. Akipiga hatua, niandikie kabla hujamwambia wifi.