Kopi zilizopanda boti: maneno kwa anayeshika budjeti ya chuo

Usiku ule tulikaa kwenye delibe, kikao cha kupitisha matokeo ya mitihani, mpaka saa tano. Uani wanafunzi wa promosyo (darasa) ya mwisho walikuwa wamejifunika vitenge kwa baridi ya Julai ya Bukavu, mashariki ya Kongo, na sisi ndani tunatazama safu moja tupu kwenye gridi. Kozi moja haikuwa na pointi. Profesa mgeni alikuwa amefundisha vizuri, akasimamia mtihani, kisha akapanda boti ya Goma na kopi zote, karatasi za majibu ya wanafunzi, ndani ya sanduku lake. Hakutuibia. Tulimwahidi salio la primu yake, malipo ya kufundisha, siku ya mtihani, na siku hiyo kasha lilikuwa halina kitu. Mimi ndiye niliyekuwa nashika budjeti.

Nilifanya kazi hiyo miaka saba katika chuo kimoja cha binafsi. Wanaonifuata wananiuliza mara nyingi waanzie wapi, na wanategemea nitawaambia habari ya programu ya kompyuta. Mimi nawaambia wafungue risiti.

Mwaka uliofuata nilikaa na Mama mhasibu siku tatu, tukazipanga bordero (risiti) za minervali, yaani ada ya masomo, kwa mwezi, si kwa jina la mwanafunzi. Tulikuwa tunadai sehemu ya kwanza mwezi wa Novemba kwa sababu masomo yameanza. Lakini wazazi wetu wengi ni wakulima wa Kabare na Walungu. Septemba wameshatia maharage ardhini, na Novemba nyumba inakula kilichobaki. Pesa inaonekana Januari na Februari wakivuna, kisha tena Juni na Julai. Sisi tulikuwa tunamfukuza mtoto darasani mwezi ambao baba yake hana hata ya chumvi, halafu Februari hatumuulizi kitu. Tulihamisha tarehe. Novemba tukadai kidogo, Februari tukadai sehemu kubwa. Hatukuongeza hata dola moja kwenye minervali, na foleni ya watu wa kuomba "Papa, nivumilie" mlangoni kwangu ilipungua sana.

Kuna jambo dogo linaloharibu urafiki: minervali inaandikwa kwa dola, mzazi analeta franga. Asubuhi kesheni, anayepokea pesa, anahesabu kwa bei hii, saa tisa kwa bei nyingine, na mzazi aliyetoka Bagira kwa miguu anaona ameibiwa. Andika bei ya siku kwenye karatasi, ibandike mlangoni kabla ya saa mbili, na usiiguse mpaka kesho.

Sasa nirudi kwa profesa mgeni, maana hapo ndipo vyuo vyetu vinapovunjika. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu tunampa jembe siku anayoshuka: saa sitini za kozi kwa siku sita, wanafunzi wanaandika mpaka vidole vinakufa ganzi. Zamani, kabla ya LMD (mfumo wa licence, master na doctorat), mwaka ulikuwa mrefu. Kozi ikichelewa unaisukuma mbele, hakuna anayeona. Tangu mwaka wa 2021-2022 nchi ilipoingia kwenye LMD, muhula una kredi 30 na mwaka una 60, na kozi moja ikikwama inavuta muhula mzima. Hata hivyo vyuo vingi bado vinapanga ratiba kwa kuwaanza walimu wa hapa, halafu mgeni anatafutiwa nafasi iliyobaki. Geuza. Mwanzo weka tarehe za wageni, tena kwa kuwapigia simu, si kwa kukisia. Mwalimu anayelala Kadutu, hapa mjini, atakuja wiki yoyote utakayompa. Anayetoka Kinshasa anategemea ndege, na ndege za Kavumu, uwanja wa Bukavu, zilisimama vita vilipofika.

Kila mgeni umpe asistenti wa hapa ambaye silabasi anayo mkononi tangu siku ya kwanza. Pia kopi zisahihishwe chuoni. Nilipoanza kudai hivyo, doyeni mmoja, mkuu wa kitivo, aliniambia namdharau profesa. Nikamjibu kwamba sharti hilo linanibana mimi kuliko yeye: siwezi kumwambia mtu abaki siku mbili zaidi asahihishe kama salio lake halijawa kwenye bahasha. Bahasha hiyo tuliitenga Februari, ikaandikwa jina la kozi, na hata rekta, mkuu wa chuo, hakuruhusiwa kuikopa kwa mafuta ya jenereta. Alijaribu mara mbili.

Kufungua idara mpya kwa sababu chuo cha jirani kimefungua, sitalisema sana. Hesabu walimu ulio nao kwanza, halafu utanyamaza mwenyewe.

Nilikuwa nimeshatoka kazini vita vilipofika mjini Februari 2025 na benki zikafunga. Wenzangu waliokuwa na kila kitu kwenye akaunti moja walibaki na karatasi ya salio na walimu wenye njaa. Waliokuwa wamezoea kupokea sehemu ya minervali kwa pesa za simu walihangaika pia, ila masomo hayakusimama siku zile zile. Mimi nisingeliona hilo mapema. Nami nilikuwa na benki moja.

Kopi za usiku ule zilirudi wiki ya tatu ya Agosti. Zilishuka bandarini kwenye mfuko wa mchele, pointi zimeandikwa kwa kalamu nyekundu, na juu yake karatasi ndogo: salio, pamoja na nauli ya mfuko. Tulilipa vyote viwili siku hiyo hiyo, kwa pesa niliyokopa kwa shemeji yangu.