Alama za PEPMIS ziko chini? Usikimbilie barua ya onyo

Pole na majukumu mkuu. Umeuliza kama umwandikie onyo huyo mwalimu wa hisabati ambaye alama zake kwenye PEPMIS, ule mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji kazi wa watumishi wa umma, zimekuwa chini, mimi nasema subiri kwanza. Tangu tuachane na OPRAS, ule mfumo wa zamani wa kupima utendaji, kuna walimu wanafundisha vizuri tu ila hawaingizi kazi zao kwa wakati, mara bando limeisha mara mtandao hamna, wengine majukumu waliyojaza mwanzoni hayafanani kabisa na vipindi walivyonavyo. Kaeni wawili mfungue mfumo muone alama zimeangukia wapi, na ratiba yake iangalie pia maana mtu ana darasa la watoto mia na kitu utamlaumu nini jamani.

Sasa ukikuta shida ni ufundishaji wenyewe, ingia darasani kwake umwangalie ila mwambie mapema, usimvizie, na mkitoka mpe jambo moja tu la kurekebisha, labda namna anavyouliza maswali, halafu baada ya wiki rudi tena. Tafuta mwenzake anayeiweza hiyo mada wafundishe pamoja, na mada yenyewe ipeleke kwenye kikao cha MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, bila kumtaja jina. Mnachokubaliana kiandikeni msaini wote, ili hata Afisa Elimu Kata akija aone msaada uliotolewa. Onyo muwekee anayetoroka vipindi, huyu wako umesema mwenyewe anawahi kila siku.