CRP 14 kwa mama wa miaka 72, sio kipimo cha dimensia
Pole dada, ila usianze kulia kwa sababu ya karatasi ya maabara. Umesema mama ana miaka 72, CRP imetoka 14 na siku hizi anasahausahau, unauliza kama ndo dimensia, yani ugonjwa wa ubongo wa kupoteza kumbukumbu. CRP haipimi ubongo, ni protini inayotengenezwa na ini mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi popote, yani fizi mbovu, U.T.I, baridi yabisi ya magoti, hata mafua ya juzi yanaipandisha. Kweli tafiti zinaonyesha wale ambao hivi vipimo vinakaa juu toka umri wa kati, kumbukumbu huwa inashuka haraka zaidi uzeeni, lakini hayo ni ya kundi kubwa la watu, namba moja ya siku moja haitabiri kitu kwa mama yako. Arudie baada ya wiki mbili tatu akiwa hana homa.

Mimi kinachonipa wasiwasi hujasema kusahau kumeanza lini. Kama ni ghafla, siku chache tu, anachanganya usiku na mchana, mpeleke hospitali leo leo, wazee U.T.I au nimonia inawavuruga akili hata bila homa. Kama ni taratibu omba wapime vitamini B12 (hasa kama anameza metformin, dawa ya sukari), tezi ya thairoidi, presha, na masikio pia, masikio watu hawayakumbukagi kabisa. Na msimpe diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kila siku eti kushusha uvimbe, haizuii dimensia na figo na tumbo vitaumia bure.