Jibu: Matawi ya mwembe yanakauka kila nikichomeka

Pole ndugu. Umechomeka matawi ya mwembe mara tatu, yote yamekauka, na unauliza umekosea wapi. Kosa si lako. Mwembe na mparachichi ni wagumu kutoa mizizi kwenye tawi lililokatwa. Hiyo otesha kokwa, mche ukinenepa kama penseli ubebeshe, yaani uunganishe juu yake, kikonyo (kipande cha tawi) cha mti unaoutaka.

Ukitaka raha ya kuchomeka, anza na mkomamanga, mtini, mzabibu au mforosadi. Mforosadi hata fito ya uzio huchipua! Chukua tawi lililokomaa, sentimita 20 hivi, lenye vifundo (panapochipua majani) vinne au vitano. Chini kata mshazari, chini kidogo ya kifundo, juu kata bapa kabisa, usije ukapanda kichwa chini. Ondoa majani, fukia theluthi mbili kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, weka kivulini. Udongo uwe na unyevu tu, ukituama maji tawi linaoza.

Majani yakitokea wiki ya pili usishangilie, hayo yanakula akiba ya tawi, mizizi bado. Mimi niliua mikomamanga minne kwa kuchungulia mizizi. Subiri miezi miwili ndipo uhamishe.