Kabla Hujafungua Gundi: Kwa Mnaofufua Spitfire za Maboksi ya Zamani

Nimenyamaza vya kutosha. Kila msimu kijana anapata boksi la zamani la vipande vya modeli ya Spitfire, ile ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, boksi ambalo mwenye nalo alilinunua akiwa bado na nywele kichwani na hakuwahi kulijenga. Anamwaga balsa, ule mti mwepesi, mezani, na kabla ramani haijakunjuka vizuri, chupa ya supagluu iko mkononi. Baada ya miezi ananiletea bawa lililopinda na kuniuliza, "Mzee, kosa liko wapi?" Kosa liko kwenye ile chupa, mdogo wangu. Uliifungua mapema mno.

Haya yanawahusu wanaojenga ndege za kivita za balsa za kipimo cha 1:7 au karibu na hapo, zilizochorwa enzi za injini za mafuta. Wenye ndege za povu nawapenda, ila mna shida zenu.

1. Ramani. Siku ya kwanza ni ya kusoma, kisu kikae mbali. Karatasi ya zamani imevuta unyevu na kukauka mara nyingi, kwa hiyo imerefuka au imefupika, tena si sawasawa pande zote. Weka mbavu ya plaiwudi juu ya mchoro wake uone. Kisha chora mstari wa sentimita 50 kwa urefu wa ramani na mwingine kwa upana, ndipo upeleke kutoa kopi, na kopi ikirudi upime mistari yote miwili kabla hujamshukuru mtu. Ramani ya asili usiichome pini hata moja. Itakuja siku utaihitaji, kwa sababu nitakazozieleza huko chini kwa uchungu.

2. Mbao. Balsa iliyokaa pakavu haiozi. Ila vile vipande vilivyokatwa kiwandani kwa kubanwa na visu vya chuma, vingi vimepondeka kingo, na kuvisafisha kwa msasa ni kujidanganya: chora umbo lake kwenye balsa mpya ukate upya. Nyepesi iende mkiani, ngumu iende kwenye mhimili wa bawa. Na akikucheka mtu kwamba unachezea vijiti, mwambie kwamba ndege ya kivita de Havilland Mosquito iliyopaa mara ya kwanza Novemba 1940 ilikuwa na bodi ya balsa iliyobanwa katikati ya tabaka za plaiwudi, na watu wazima walikwenda nayo vitani.

3. Kushoto mbili. Msicheke. Kila mjenzi amewahi kutengeneza pande mbili za bodi zilizo sawa kabisa, zote za kushoto, na hajui mpaka fremu zigome kuingia. Zilaze mezani zikitazamana, andika KUSHOTO na KULIA kwa penseli, ndipo ubandike plaiwudi za ndani. Namfahamu bwana mmoja aliyejenga mabawa mawili ya kushoto. Alikuwa mtu mwenye moyo, hakulia. Akatafuta boksi la pili la aina ileile ili apate la kulia. Akajenga la kushoto tena. Sasa ana mabawa matatu na kila mgeni anaonyeshwa.

4. Woshauti. Bawa la Spitfire halisi lilisokotwa kwa makusudi: shinani limeinuka digrii 2, nchani limeshuka nusu digrii, ili ncha iwe ya mwisho kustoli, yaani kuacha kubebwa na hewa. Modeli inahitaji hivyohivyo au zaidi kidogo, na muhimu kuliko kiasi ni pande zote mbili zilingane. Msokoto unafungwa siku unapobandika ngozi ya balsa ya pili, kwa hiyo bawa lisiinuke kwenye ubao wa kujengea kabla ngozi zote mbili hazijakauka. Ukiliinua mapema "nione tu linavyopendeza", limekwisha hilo, na hakuna pasi itakayolinyoosha.

5. Risasi, yaani ile metali nzito ya kuongezea uzito, si za bunduki. Hapa nakaa, maana hapa ndipo nilipoumbuka.

Spitfire ina pua fupi. Ile halisi ilikuwa na injini ya Merlin ya zaidi ya kilo 600 mbele, basi mizani ikakaa. Mchoraji wa ramani yako naye aliweka mbele alichokuwa nacho: injini ya mipigo miwili ya sentimita za ujazo 10 na bomba lake la moshi, tangi la mafuta, na betri ya nikeli-kadmiamu imebanwa chini ya tangi. Aliupima uzito huo, ndipo akatia alama ya kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapokaa sawa ikiinuliwa kwa vidole. Sasa njoo wewe na mota ya umeme, risiva ya gigahezi 2.4 ya gramu chache, na betri ya lithiamu ambayo ndiyo kitu kizito peke yake kilichobaki. Unaiweka wapi? Pale penye nafasi. Na katika boksi la zamani, nafasi iko juu ya bawa, kwa sababu ukuta wa injini, pale injini inapofungwa, ni ubao mzima na chumba cha tangi ni chembamba. Kila ulichobadilisha kimeipunguzia pua uzito, na ramani haijui.

Mimi haya niliyajua. Niliwafundisha watu. Lakini wakati ule nilikuwa na ugonjwa wa gramu. Nilitoboa mbavu, nikatoboa fremu, nikachagua balsa ubao kwa ubao, na kila jioni nikiweka vipande kwenye mizani na kuwatangazia wenzangu namba kama mzazi mwenye mtoto mchanga. Kisha nilipofika kwenye rangi, ugonjwa ukahama. Nilitaka misumari ya ribiti ionekane, mistari ya paneli ionekane, mkia ung'ae. Praima, msasa, praima, msasa. Kutoka kwenye kitovu cha uzito hadi mkiani ni karibu mara tatu ya kutoka hapo hadi kwenye ukuta wa injini. Maana yake kila gramu ya praima niliyoiacha mkiani ilikuwa inaidai pua gramu karibu tatu. Sikupiga hesabu hiyo. Nilikuwa nashangaa ribiti.

Siku ya kupima nikaweka vidole chini ya alama, mkia ukaenda chini moja kwa moja, bila hata kusitasita. Hesabu ikasema risasi gramu 300 puani. Mia tatu! Mtu niliyekuwa nabishana na balsa juu ya nusu gramu. Nikasogeza risiva mbele. Nikafunga koni ya alumini kwenye propela. Nikatia risasi gramu 100 kwa kinyongo. Bado mkia chini.

Ndipo nikafanya jambo ambalo nawaomba mlisome mara mbili. Nilichukua ramani, nikaitazama ile alama, nikajiambia: huyu mchoraji alikuwa mwoga, alichora kwa ajili ya wanafunzi, na mimi si mwanafunzi. Nikachukua penseli nikaichora upya alama ya chini ya bawa, milimita 15 nyuma. Nikapima tena. Ikakaa sawa kabisa! Nikafurahi, jamani, kama kwamba ni ndege iliyosogea.

Uwanjani mzee wetu aliniuliza kama ilivyo desturi yake.

"Umepima kitovu?"

"Nimepima."

"Kimekaa kwenye alama?"

"Kwenye alama kabisa."

Hakuna neno la uongo katika majibu hayo.

Ilipaa kabla sijaiambia ipae. Pua ikainuka yenyewe, nikasukuma eleveta, kile kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua, kidogo, ikatumbukia. Nikavuta kidogo, ikasimama karibu wima. Ndege nzito mkiani haina "kidogo". Kila nilichofanya ilikizidisha, na mimi nilikuwa hatua moja nyuma yake wakati wote. Aliyetulia angeacha mota ivute, ashike pua chini kwa trimu, vile vitufe vya kurekebisha kwenye rimoti, aje kutua kwa mwendo. Mimi nilizima mota. Mwendo ukaisha, bawa la kushoto likadondoka, ikazunguka nusu mzunguko, na hapakuwa na kimo cha kuzunguka nusu ya pili.

Tulipofika, mkia ulikuwa mzima. Ribiti zote zinaonekana. Bawa limetengana na bodi. Betri ilikuwa imevunja fremu mbili, imepasua ukuta wa injini, na imetulia nyuma ya mota, mahali hasa nilipopaswa kuiweka miezi kadhaa nyuma. Mzee aliligeuza bawa, akaliangalia chini yake, akasema, "Alama ziko mbili." Basi. Hajawahi kuongeza neno juu ya jambo hilo, na ningefurahi kama angeniongezea.

Kuna waliotaka kunifariji kwa kisa cha mwaka 1945, cha Margaret Horton, fundi wa kike wa jeshi la anga la Uingereza. Kazi yake siku ile ilikuwa kukalia mkia wa Spitfire AB910 ikitambaa ardhini penye upepo, isije ikabinuka pua. Rubani hakujua bado yuko pale, akapaa naye. Ndege ikazunguka uwanja na kutua, mama wa watu salama, na AB910 ipo mpaka leo. Ni kweli. Ila ile ilikuwa na rubani ndani anayehisi mkia kupitia kiti chake, na Merlin mbele. Wewe una rimoti na vidole viwili vinavyotetemeka.

Kwa hiyo: toboa mlango wa betri kwenye ukuta wa injini kabla bodi haijafungwa, na uzungushie plaiwudi kwa epoksi ya dakika 30 ili ukuta usipoteze nguvu. Sevo, vile vimota vya kuchezesha eleveta na usukani, zikae mbele kabisa zinapoweza kukaa, usizifiche mkiani. Acha chumba kitupu puani cha risasi tangu mwanzo, na usikione kama aibu. Ruka mara ya kwanza kitovu kikiwa asilimia 25 hadi 27 ya upana wa wastani wa bawa kutoka ukingo wa mbele, upime ndege ikiwa chali, tumbo juu, kwa sababu bawa lake liko chini, magurudumu yakiwa yamekunjwa kama angani. Na penseli iache nyumbani.

6. Plastiki. Kanopi, kile kifuniko angavu cha rubani, ikigeuka njano haioshwi ikarudi. Ijaze plasta, itumie kama kalibu ya kuvutia plastiki mpya juu yake.

7. Magurudumu ya kukunja. Miguu ya Spitfire inakaribiana, inakunjwa kwenda nje, na ramani nyingi za zamani zinaibandika kwenye mbavu za balsa tupu kana kwamba hakuna siku utatua vibaya. Zibandike plaiwudi mbavu za pande zote mbili za kila mguu. Na pua ikigonga majani kila ukitua, msiusingizie upepo: magurudumu yako nyuma mno, yasogezeni mbele.

8. Eleroni, vile vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa. Kijiti cha rimoti kulia, eleroni ya kulia juu. Kila mara, hata kama jana ilikuwa sawa, kwa sababu jana hukuchomoa waya za sevo ukazirudisha usiku umechoka. Namuuliza kijana kama amekagua, ananijibu, "Zinacheza, mzee!" Naona zinacheza. Nimeuliza zinacheza kuelekea wapi.

9. Supagluu, maana nimeitukana sana. Ni gundi nzuri ya kushikiza mbavu kwenye mhimili, lakini kiungo chake kinakuwa kigumu kuliko balsa iliyo kando yake, na msasa utakula balsa na kuacha gundi imesimama. Penye msasa mwingi tumia gundi ya mbao. Fungua dirisha.

10. Mapambo. Bunduki, masizi ya ekzosti, na rubani vije mwisho. Yupo kijana mmoja, anajijua, ambaye rubani wake ameshachorwa masharubu, nywele moja moja, kwa brashi ambayo mimi siioni bila miwani, na bawaba za eleveta bado hazijatiwa pini. Masharubu ni mazuri, sikatai. Jumamosi lete bodi kabla hujaifunika, uje na mizani, betri na ile ramani ya asili. Risasi usihangaike kutafuta, ninazo nyingi.